Ubia na kampuni ya nje: usisaini Ijumaa kabla hujajua nani anatoa hela benki

Mkuu usisaini. Unasema kampuni yako iko daraja la nne la ukandarasi, wageni wamekuita kwenye ubia wa barabara, wewe asilimia 20 wao 80, mnasaini Ijumaa, unauliza usajili, kodi na namna ya kugawana kazi. Hujauliza sahihi ya nani inatoa hela benki, na hapo ndo mimi nilipochinjwa.

2016 niliingia ubia wa hivyo hivyo, mkataba wa bilioni 14, fungu langu asilimia 25. Mimi makalavati na mifereji, wao tabaka za barabara na lami. Aliyetukutanisha, jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa mikataba, aliniangalia usoni akasema "fungu lako ni robo, hata kazi ikiharibika hasara yako ni robo". Nikamwamini nikasaini hati ya uwakilishi inayompa mwenzangu mamlaka yote, na akaunti ya ubia ikafunguliwa kwa sahihi mbili, zote za kwao!

Malipo ya awali ya asilimia 15 yakaingia, bilioni 2.1. Mwezi haujaisha akaunti nyeupe, hela imeenda kwa kampuni mama yao eti kukodi mitambo, kwa bei waliyojipangia wenyewe. Magreda yakaja matatu, moja halijawahi kufanya kazi hata siku moja. Mimi naomba hela ya saruji naambiwa subiri, nasubiri, vibarua wananidai, mwisho nikachukua mkopo nikamwaga zege kwa hela yangu ili upande wangu usisimame.

Na haukusimama. Kalavati zangu zote konsaltanti, yaani mhandisi anayesimamia mradi, alizipitisha. Lakini lami haikumwagwa, tozo za ucheleweshaji zikawa zinahesabiwa kila siku, mwaka wa pili mkataba ukavunjwa na mwenye mradi akaita dhamana za utekelezaji, yaani ahadi za benki kumlipa kazi ikishindikana. Ya kwangu ilikuwa milioni 350, nimewekea hati ya nyumba Kibaha na godauni. Benki haikuuliza nani kakosea, dhamana ya aina ile ikiitwa inalipwa, kisha wakanigeukia mimi. Nyumba iliuzwa watoto wangu wakiwa shule, wakarudi likizo sehemu nyingine.

Soma kifungu 1.14 cha FIDIC kitabu chekundu cha 1999, yale masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi: wabia wanawajibika kwa mwenye mradi kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake deni lote anaweza kukudai wewe mwenyewe, hizo asilimia mnajuana nyinyi kwa nyinyi. Yule jamaa alikijua kile kifungu, kiko ukurasa ambao alinionyesha pa kuweka saini! Kachukua kamisheni yake, simu haipokei mpaka leo. Na wageni wenyewe kampuni za nje zinasajiliwa kwa muda kwa ajili ya mradi husika tu, mradi ukifa wanapanda ndege. Wauza kokoto na dizeli walikuja kugonga geti la nani? La kwangu.

Kuna aliyekujibu hapo juu kwamba hata bwawa la Nyerere, megawati 2,115, limejengwa kwa ubia wa Arab Contractors na Elsewedy Electric. Sawa, lakini wale ni wakubwa wawili, kila mmoja ana ubavu wa kumkaba mwenzie. Wewe na greda lako moja utamkaba nani?

Kwa hiyo sahihi yako iwe benki. Hakuna shilingi inatoka bila wewe, iandikwe kwenye mkataba wa ubia na kwenye barua ya maelekezo ya benki, na iandikwe kwamba maelekezo hayo hayabadilishwi bila nyie wote. Malipo yoyote kwa kampuni yenye undugu na mbia yapitishwe kwenye kikao kwanza na bei ilinganishwe na ya soko. Hati ya uwakilishi iishie kwenye kupeleka tenda na kupokea barua, isiguse hela kabisa. Wakikwambia itachelewesha malipo, waambie ichelewe.

Usajili nenda Bodi ya Usajili wa Makandarasi watakuelekeza vizuri, kodi tafuta mhasibu wako mwenyewe, usitumie wa kwao. Ila kesho asubuhi waandikie kwa barua pepe kuhusu hiyo sahihi, usipige simu, afu rudi hapa utuwekee walichojibu kabla ya Ijumaa.