Kijana wako na vyama vya herufi za Kigiriki

Dada, umeuliza kama kijana wako aliyeko chuoni Marekani atageuka mlevi akijiunga na chama cha udugu, vile vya wanafunzi wa kiume vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Si lazima. Alpha Phi Alpha, kilichoanzishwa na wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, ndicho alichojiunga nacho Martin Luther King. Mdogo wangu yuko kwenye kimoja. Jumamosi moja nilimkuta na wenzake wakipanga mchele na maharage kwenye maboksi ya kuwapelekea wazee.

Lakini hofu yako ina msingi. Mwaka 2017 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Penn State alifariki baada ya kuleweshwa usiku wa kupokelewa kwenye chama kama hicho: alianguka ngazini, na wenzake wakakaa saa nyingi bila kuita msaada. Inaniuma kila nikikumbuka. Tangu sheria ya Marekani ya Desemba 2024, vyuo vinatakiwa kutangaza vyama vilivyokutwa na hatia ya kunyanyasa wanachama wapya, kwa hiyo mwambie akusomee ripoti ya chuo chake. Aulize na ada ya chama kwa muhula. Na akiambiwa “usimwambie mtu,” aondoke usiku huohuo, akupigie hata kama ni saa tisa.