Maswali Yenu: Atafuturu saa ngapi jua lisipozama?

SWALI: Assalaam aleikum. Kijana wangu amepata kazi Inuvik, kaskazini kabisa mwa Kanada. Ananiambia kuna wiki kadhaa jua halizami. Sasa huyu atafuturu saa ngapi? Na huo msikiti anaosema ulikuja kwa lori na tishari, ni kweli au ananitania?
Mama Rukia, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Hakutanii. Nimeendesha teksi mji huo miaka miwili na nimesali humo humo. Waislamu wa pale, Wasudani, Walebanoni, Wamisri, wakati wangu hawakuzidi sana mia moja. Zamani walibanana kwenye kijumba kimoja hata kurukuu ni kwa zamu. Kujenga kule ni ghali mno, basi wakfu mmoja wa Manitoba, jimbo la kusini mwa Kanada, ukajenga msikiti mzima huko kwao, mji wa Winnipeg, ukapakiwa kwenye lori, kisha tishari likaushusha mto Mackenzie, safari ya kilomita kama 4,000. Ukafika Septemba 2010. Mnara ulijengwa pale pale.

Kuhusu saa, mwanao asikae na simu akapiga hesabu zake peke yake. Awaulize aliowakuta. Sisi tulifuata ratiba ya Edmonton, mji ulio kusini ambako jua huchwa kama kwingine. Ramadhani ya 2015 iliangukia Juni na Julai, na mwezi mzima sikuliona likizama. Saa nne zilizopita kidogo usiku, mtu anasema bismillahi, anatia tende mdomoni, na jua limejaa dirishani. Siku ya kwanza mkono ulinitetemeka, nikajiona mwizi.

La ajabu zaidi ni kibla. Ukiwa Tanga unaelekea kaskazini, na Inuvik vile vile kaskazini, ila huko unapitia karibu na ncha ya dunia. Na saa tisa za usiku jua la Juni liko huko huko kaskazini, chini kabisa. Kwa hiyo sala ya alfajiri niliisali chumbani kwangu nimekunja uso, jua linanipiga machoni.

Desemba mambo hugeuka: karibu mwezi mzima halichomozi, na ratiba ni ile ile ya Edmonton.

Ukitaka kumtumia kitu, tuma tende, kule chakula ni bei ya kuruka. Kofia ya vito mtumie ya kuvaa ndani siku ya Idi. Nje masikio yatamganda kwa baridi, nami yangu yalinifundisha.