Namba ya Simu Haijumlishwi

Ukitengeneza tovuti ya matangazo ya nyumba za kupangisha hapa Unguja, utagundua mapema kwamba kuingiza data si kazi. Kazi ni kuipata tena. Mimi hutumia injini ya utafutaji ya Elasticsearch, na pengine Solr. Zote mbili zimejengwa juu ya Lucene, maktaba ya programu za utafutaji aliyoianzisha Doug Cutting mwaka 1999, kwa hiyo ninayoyasema kuhusu moja kwa sehemu kubwa yanaihusu na nyingine. Kwa anayeanza nina ushauri huu: kabla hujaipa fildi (kipande kimoja cha tangazo, kama bei au wilaya) aina yake, jiulize watu wataitumia vipi.

Kuna fildi ambazo mtu ataandika neno akitaraji kulikuta ndani yake. Kuna za kuchujia na kupangia orodha. Nyengine ni za kuonyesha tu, basi.

Maelezo ya dalali, mathalan "vyumba viwili, maji na umeme, karibu na skuli", ni ya kundi la kwanza. Yape aina ya text. Injini itayakata neno moja moja na kuweka kumbukumbu kila neno limo katika matangazo yapi, kama faharasa ya mwisho wa kitabu. Wilaya ni ya kundi la pili, nayo ipe keyword ili thamani ibaki nzima. Ukiiweka text, "Kaskazini B" inakuwa maneno mawili, na kwa utafutaji wa kawaida mtu anaporomoshewa na nyumba za Kaskazini A. Ukiongeza kichanganuzi (kile kinachoyakata maandishi kuwa maneno) cha Kiingereza ndiyo balaa zaidi, kwa sababu hicho huitupa "a" kama neno lisilo na kazi. Magharibi A yako inabaki Magharibi.

Shehia inataka yote mawili, itafutike na ichujike, kwa hiyo ihifadhi mara mbili chini ya jina moja: text, na ndani yake keyword. Elasticsearch inaruhusu hivyo. Lakini hapo bado hujamaliza na Jang'ombe. Kichanganuzi cha kawaida hakiikati kwenye ritifaa, na hilo ni jema, ila kwake "Jangombe" ni neno jengine kabisa. Na ile ritifaa iliyopinda ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe inazaa neno la tatu. Mpangaji anaandika kwa haraka, haoni kitu, anaamini Jang'ombe hakuna nyumba! Weka kichujio cha herufi kinachoondoa ritifaa za aina zote, wakati wa kuingiza na wakati wa kutafuta. Usisubiri injini ikufanyie. Lucene ina vichanganuzi vya lugha nyingi, lakini cha Kiswahili haina. Chake Chake nayo huandikwa pamoja na huandikwa mbali, na dawa yake ni orodha ya visawe.

Bei ni namba kweli. Watu huuliza nyumba za chini ya laki tatu, na huzipanga kuanzia ya rahisi. Ukiihifadhi kama maandishi, 1000000 itatangulia 300000, kwa kuwa moja huja kabla ya tatu. Madalali wengine huandika kwa dola, kwa hiyo sarafu iwe na fildi yake.

Namba ya simu, kinyume chake, si namba. Hakuna anayeijumlisha, wala anayetaka simu zilizo baina ya hii na ile. Ipe keyword, na kabla ya kuiingiza zilete zote kwenye umbo moja la kuanzia 255. Ukiifanya namba, ile sifuri ya mwanzo haihesabiwi tena kuwa kitu.

Viungo vya picha hakuna atakayevitafuta. Zima index (ya kutafutia) na doc_values (za kupangia), vionekane tu kwenye matokeo, na diski itapumua. Ila usibane mpaka ukaizima _source. Humo ndimo nakala ya tangazo zima inamokaa, na bila hiyo huwezi kujenga faharasa, yaani ghala zima la matangazo, upya kutoka ile ya zamani.

Na kujenga upya kutakuja, kwa sababu fildi ikishapewa aina haibadilishwi ikiwa mahali pake. Ndiyo maana siupendi mtindo wa kuiachia injini ikisie. Maandishi huyafanya text yenye keyword ndani yake, na thamani inayozidi herufi 256 haiingii kwenye hiyo keyword. Vibaya zaidi ni tarehe: tangazo la kwanza likiandika "2024-05-10" kwenye siku ya kuhamia, fildi inakuwa ya tarehe. Dalali wa pili akiandika "baada ya Idi", tangazo lake lote linakataliwa. Weka mpangilio wa dynamic kuwa strict, tangazo lenye fildi usiyoitangaza likataliwe.

Programu yako nayo isiijue faharasa kwa jina lake halisi. Iite kwa lakabu (alias), tuseme "matangazo", huku nyuma yake ikiwa matangazo_1. Siku ya kubadilisha aina ya fildi, tengeneza matangazo_2, hamishia data kwa amri ya _reindex, linganisha idadi, kisha igeuzie lakabu huko. Ile ya zamani iache kwa muda kabla ya kuifuta.