Gari la injeksheni la zamani kusita ukikanyaga mafuta

Ndugu, kama gari lako linasita ukikanyaga mafuta, kabla ya kununua pampu mpya ya mafuta, angalia linasita wakati gani. Likisita pale tu unapogusa pedali halafu likachomoka vizuri, anza na mpira mkubwa wa hewa kati ya filta ya hewa na injini. Ukunje kwa mkono, maana ufa hujificha kwenye mikunjo na haufunguki mpaka injini itikisike. Hewa ikiingia baada ya sensa inayopima hewa, kompyuta ya gari haiihesabu, kwa hiyo mafuta yanakuwa pungufu.

Mpira ukiwa mzima, pima sensa ya throtoli (inayoiambia kompyuta umekanyaga pedali kiasi gani) kwa mita ya volti: swichi ikiwa on, injini imezimwa, kanyaga polepole. Kwa magari mengi volti hupanda kutoka karibu 0.5 hadi 4.5. Ikiruka au kukatika njiani, sensa imelika.

Likikosa nguvu mlimani au ukiwa na mzigo, hapo ndipo penye filta ya mafuta na presha yake. Chomoa pia kile kimpira chembamba cha regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta. Ukikuta petroli ndani yake, regyuleta imepasuka, ibadilishe mapema kwa sababu ya moto. Plagi na waya zake usizisahau.