Jibu: Usitoboe dari kesho!

Mkuu, mpigie fundi sasa hivi umwambie asije.

Umeuliza uweke taa ngapi za dari, sebuleni na jikoni. Mimi macho yameganda pale uliposema "fundi kasema taa moja kila futi tatu, kesho anatoboa". Futi tatu hizo hizo ndizo zilizoninyoa. Sebule yangu ni mita 5 kwa 6 kama yako. Fundi wangu, eti ana uzoefu wa miaka kumi na tano, akatoboa jipsamu mpya matundu 30 na kupachika spoti (zile taa ndogo za kuzama darini) za wati 12, lumeni 1,000 kila moja; lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa. Hesabu hakupiga. Ile kalamu ya sikioni nadhani ilikuwa hereni.

Tulipowasha usiku wa kwanza, mama mkwe akauliza daktari anaingia saa ngapi.

Baadaye nikakaa na karatasi. Sebule inatosha laksi 150, yaani lumeni 150 kwa kila mita ya mraba. Ofisi ndiyo inayotaka 500. Mimi, hata baada ya kutoa mwanga unaopotea njiani, nilikuwa na 480! Nakunywa chai kwenye kaunta ya benki.

Kuchomoa taa ni dakika mbili, balaa ni tundu. Nilibakiza 10, matundu 20 yakazibwa, viraka vikatokeza kama ndui, ikabidi dari nzima ipigwe skimu (lipu laini ya kusawazisha) na rangi upya. Pesa ya fundi mara mbili. Yeye simu hapokei. Na hizo 10 hazikukaa kwenye mstari mpaka leo. Wageni nawaambia ni staili.

Kwa hiyo hesabu LUMENI kwanza, taa baadaye. Mita 30 za mraba × 150 = 4,500. Gawa kwa 0.48, maana ukuta na dari (hata za rangi nyepesi) vinameza mwanga, vumbi na uchakavu navyo vinachukua chao: unapata kama 9,400. Ukinunua taa za lumeni 800, ni 12. Tatu kwa nne, za pembeni ziache ukuta kwa nusu ya nafasi iliyo kati ya taa na taa. Wati haikuambii mwanga, inakuambia LUKU itaisha lini. Lumeni zimeandikwa kwenye boksi.

Jiko weka laksi 300, hesabu ni ile ile.

Fundi akija bila kusikia, mpe chai, drili ifiche.