Nanaa ya Ba ilikuwa ya moto

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: jani gani la jikoni unaliamini kama dawa, na nani alikufundisha? Langu ni nanaa. Aliyenifundisha ni jirani yetu wa Mombasa, bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima tulimwita Ba.

Ba aliipanda kwenye kopo la samli lililotobolewa chini, akaliweka pale mfereji unapodondoka. Mtoto akija analia tumbo linamnyonga, Ba alichuma vijiti viwili, akatwanga majani na kipande cha tangawizi na ile chumvi nyeusi inayonuka kama yai viza, akakamulia ndimu, akasema, "Meza, usitafune." Haukupita muda mtu anabeua, anarudi kwenye mpira.

Kilichonitatiza ni kwamba kwake fudino, ndivyo alivyoiita, ilikuwa kitu cha moto. Nyumbani kwetu nasi tuna vyakula vya moto na vya baridi, na nanaa tuliitia kwenye baridi bila mjadala, ulimi ndio shahidi. Ba alikataa. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi aliyolelewa nayo, dawa haihukumiwi kwa ladha yake tu, hutazamwa pia inafanya nini ikishafika ndani. Nanaa huchochea agni, moto wa kusagia chakula. Hutoa upepo uliokwama, ambao wao huuhesabu chini ya vata, na hukata kohozi, yaani kapha. Ndiyo maana, alisema, bajia haziandikwi mezani bila chatne ya nanaa: mafuta yanataka moto. Siku hizi nasoma waandishi wa Ayurveda wanaoiita ya baridi, ya kutuliza pitta, yaani joto la mwilini. Mimi nasimama na Ba.

Na ulimi, kumbe, ni shahidi wa kununuliwa. Mentoli iliyomo kwenye nanaa hugusa kipokezi kinachoitwa TRPM8, kilekile ambacho mwili hutumia kutambua baridi. Mdomo haujapoa hata kidogo, ila ubongo umeshapelekewa habari ya barafu. David Julius na Ardem Patapoutian walikigundua kila mmoja kwenye maabara yake, wote kwa kutumia mentoli, na mwaka 2021 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya hisi za joto na mguso. Isitoshe, nanaa tunayotia kwenye chai mara nyingi ni ile yenye mentoli kidogo mno. Harufu yake hutokana na kemikali nyingine, kavoni. Yenye mentoli ya kutosha ni ile nyingine, iliyotupa neno peremende.

Hiyo ya peremende ndiyo iliyopata cheti hospitalini. Mafuta yake huzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya utumbo, misuli ikalegea, msokoto ukaachia. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kiliyataja kama tiba inayofaa kujaribiwa na wenye ugonjwa wa utumbo unaouma na kujaa gesi mara kwa mara bila kidonda kuonekana. Lakini hayo ni mafuta kwenye kapsuli, si kikombe cha chai, na anayesema ni kitu kimoja ana lake la kuuza.

Kulegeza huko kuna upande wa pili, nami niliujua kwa kuumia. Nilipoanza kusumbuliwa na kiungulia nilijitibu kwa chai ya nanaa kila usiku, nzito, kabla ya kulala. Wiki mbili nalala nimeketi. Daktari aliponiuliza nakunywa nini usiku nikamjibu kwa fahari, akacheka. Mlango wa juu wa tumbo nao ni msuli. Kwa baadhi yetu nanaa huulegeza, asidi ikapanda. Siku hizi nainywa mchana, baada ya pilau, na nimepona.

Kuna kitu kingine cha Ba sijawahi kukisahau. Alikuwa na vipande vitatu vyeupe kwenye karatasi: mentoli iliyoganda, kafuri, na kiini cha mbegu za ajmo, kiungo cha Kihindi chenye harufu kali. Alivitia kwenye chupa kavu, hakuna tone la maji, akatikisa. Tukiwa tunatazama, vikaanza kutoa jasho, vikayeyukiana, chupa ikawa na mafuta safi kama maji. Wahindi huyaita amritdhara. Kila kimoja peke yake ni kigumu. Vikikutana havina tena nguvu ya kuganda. Yeye alijipaka kwenye kipaji kichwa kikimuuma. Kafuri ikimezwa na mtoto inaweza kumtia degedege, na mentoli puani mwa kichanga inaweza kumkata pumzi, kwa hiyo chupa iliishi juu ya kabati, na sisi tuliruhusiwa kunusa kizibo tu, kwa zamu, mikono nyuma.