Barua kwa mwanangu: Ijumaa ipi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini mkuu wako amekurudishia pendekezo la mkataba mara mbili akisema halieleweki, ilhali hesabu zake ni sahihi na lugha yake haina kosa. Nimeisoma nakala uliyoambatanisha, na sina budi kukwambia kwamba nakubaliana naye.

Sentensi iliyonisimamisha ni ile isemayo "mzigo utapokewa Ijumaa ijayo". Wewe uliyeiandika Jumatano ulijua ni Ijumaa ipi, lakini mnunuzi atakayeisoma siku tano baadaye hataijua, na kibaya zaidi hatauliza, kwa kuwa atadhani anaijua. Ndivyo yalivyowafika wafanyabiashara wa pamba waliofikishana mahakamani Uingereza mwaka 1864, katika kesi ya Raffles dhidi ya Wichelhaus. Mkataba wao ulitaja marobota 125 ya pamba yatakayowasili Liverpool kutoka Bombay kwa meli iitwayo Peerless. Kumbe meli za jina hilo zilikuwa mbili, na zote zilitoka Bombay, moja Oktoba na nyingine Desemba. Mnunuzi alidai kuwa aliikusudia ile ya Oktoba. Muuzaji akaleta pamba ya Desemba. Mnunuzi akaikataa, na mahakama ikampa ushindi. Zingatia kwamba hapakuwa na aliyeandika ovyo. Mwezi mmoja tu ungalitajwa, kesi isingalikuwapo.

Kuna pia hili la "imeamuliwa kuwa malipo yatafanywa kwa awamu". Nani ameamua, na awamu ni ngapi? Nakiri kwamba nami niliandika hivyo kwa miaka mingi, na si kwa kutojua: asiyetajwa halaumiwi, na mimi nilipenda kutolaumiwa. Wateja wangu walilipia woga huo kwa simu nyingi za kuulizia.

Maneno magumu hayanisumbui sana. Hayo utayapunguza mwenyewe ukishajua unamwandikia nani. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, katika dibaji ya mwongozo wa lugha nyepesi uliotolewa mwaka 1998 na tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, alieleza kuwa alipoandika ripoti ya mwaka ya kampuni yake alijifanya anazungumza na dada zake, ambao walikuwa werevu lakini si wataalamu wa uhasibu wala fedha. Nawe mpe pendekezo lako mtu wa namna hiyo, kisha umwombe akueleze nani atamlipa nani, kiasi gani na lini. Usimsaidie anapokwama, paweke alama, kwa maana hapo ndipo penye kasoro.

Ukimaliza kulisahihisha, nitumie kabla ya Jumanne, tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi, nami nitakurudishia jioni ya siku hiyohiyo.

Mzazi wako akupendaye.